Ng'ombe wa watu saba, mchinjaji hakusoma majina: udhhiya yetu imeswihi?

#1 Mkaazi_Bwaise
Asalaam alaykum wanajamvi. Iddi kubwa iliyopita tuliungana wanaume saba wa mtaa mmoja hapa Bwaise, Kampala, tukanunua ng'ombe wa udhhiya, yaani mnyama wa ibada wa kuchinjwa Iddi. Majina yetu tukayaandika kwenye karatasi tukampa mchinjaji. Siku yenyewe alikuwa na ng'ombe wengine wanamngoja. Wetu akalazwa, akasema "Bismillahi Allahu Akbar", akapitisha kisu, basi. Karatasi ilibaki mfukoni mwake. Dua ya Wajjahtu ("nimeuelekeza uso wangu...") hakuisoma, jina hata moja hakulitaja.

Mzee mmoja kati yetu saba alikataa kubeba fungu lake. Alisema hiyo ni nyama ya bucha, si udhhiya. Sasa Dhul Hijja inakaribia, tumeanza kuchanga tena, yeye anasema hatoi shilingi mpaka aonyeshwe dalili. Wenye elimu nisaidieni: katika kuchinja udhhiya, dua ipi ni ya lazima, na ipi ikikosekana hakuna neno?

#2 Ustadhi_Tororo
Wa alaykum salaam. Udhhiya yenu imeswihi inshallah. Kinachotakiwa ni nia, na nia mahali pake ni moyoni. Kila mmoja wenu anuie kwamba subui yake, yaani sehemu yake moja katika saba, ni udhhiya. Anaweza kunuia pale anapomteua mnyama au wakati wa kuchinja, na anaweza kumwakilisha Mwislamu mwingine amnuilie. Mlipompa karatasi na kumwambia "huyu ni wa udhhiya wa watu hawa", uwakilishi ulikuwa umekamilika.

Waliosoma kitabu cha Matn Abi Shujaa madrasa wanakumbuka mambo matano yanayopendekezwa wakati wa kuchinja: bismillahi, kumsalia Mtume (s.a.w.), kuelekea kibla, takbira, na kuomba ipokelewe. Maombi yenyewe ni mafupi: "Allahumma hadha minka wa ilayka, fataqabbal". Ewe Mola, hiki kimetoka Kwako na kinarudi Kwako, basi kipokee. Kusoma orodha ya majina hakumo katika matano hayo, na yote matano ni sunna katika madhehebu yetu ya Shafii.

#3 AbuRayyan_Mbale
Ustadhi, Allah akulipe, lakini usipite haraka hivyo. Katika Sahihi Muslim, Bi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba Mtume alipomchinja kondoo wake alisema: "Bismillah. Ewe Mola, mpokelee Muhammad, na aali Muhammad, na umma wa Muhammad." Amewataja anaowachinjia. Kwa hiyo kutaja kuna asili, na yule mzee hakulitoa hewani. Sisemi ni sharti. Nasema ni sunna, na mchinjaji aliyepewa karatasi mkononi alikuwa na wepesi wa kuifuata.

La pili, bismillahi kuwa sunna ni kwa Shafii. Kwa Hanafi, anayeiacha makusudi nyama yake hailiwi. Kumsalia Mtume pale nako Maliki na wengine hawakukupenda, kwa hoja kwamba ni mahali pa kutaja jina la Allah peke yake. Mtu akija hapa kutoka madhehebu nyingine asidhani tunayosoma Uganda ndiyo yote.

#4 FundiBucha_Kisenyi
Mimi ndiye hao wachinjaji mnaowasema, ingawa si huyo wa Bwaise. Niwaeleze upande wetu.

Siku ya Iddi watu wanamlaza ng'ombe, wanamfunga miguu mitatu, ndipo wanaanza kutafutana. Mmoja yuko msikitini, mwingine anapiga simu jina la mama mkwe liongezwe, mwingine anataka kurekodi video. Mnyama yuko chini, macho yamemtoka. Hapo ndipo unapotaka nisome majina saba pamoja na ya baba zao?

Mtume amesema Allah ameandika ihsani katika kila jambo, na mnapochinja chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Iko Muslim, kutoka kwa Shaddad bin Aws. Na Ibn Abbas amesimulia kuhusu mtu aliyemlaza kondoo huku bado ananoa kisu, akaulizwa na Mtume kama anataka kumuua mara mbili.

Kwangu utaratibu ni huu. Karatasi inasomwa ng'ombe akiwa amesimama, wenyewe wote wapo, kila mtu anaitika jina lake. Visu vimenolewa tangu jana na havionekani. Majani ya migomba yametandikwa. Analazwa kwa ubavu wa kushoto, shingo kibla, "Bismillahi wallahu akbar", kisu kinakwenda. Koo, umio na mishipa miwili ya shingo. Halafu hakuna anayemgusa kwa kuchuna mpaka atulie kabisa. Vijana wanaoanza kuchuna mguu wakati mnyama bado anatetemeka huwa nawafukuza.

#5 Mkaazi_Bwaise
FundiBucha, hilo la kusoma akiwa amesimama ni zuri sana. Hatukulifikiria.

#6 Nubi_Bombo
Mimi nina swali kubwa kuliko majina. Nani amewaambia watu saba wanaweza kuchanga? Babu yangu alisomea kwa mashekhe wa Sudani, wafuasi wa Imam Malik, na nyumbani kwetu hatujawahi kuchanga ng'ombe. Kwa Malik mwenye udhhiya ni mmoja. Anaweza kuwashirikisha watu wa nyumbani kwake katika thawabu, lakini si katika bei. Pia hakuna kuchinja kabla imamu hajachinja. Hapa naona watu wanarudi kutoka swala wanakimbilia visu, hakuna anayeuliza imamu amefika wapi.

#7 Ustadhi_Tororo
Mzee wangu wa Bombo, heshima kwako. Dalili ni Jabir bin Abdillah katika Muslim: mwaka wa Hudaybiyya tulichinja pamoja na Mtume ngamia kwa watu saba na ng'ombe kwa watu saba. Shafii, Hanafi na Hanbali wote wameichukua.

Kuhusu wakati, kwetu unaingia jua likishachomoza na ukapita muda wa kutosha rakaa mbili na hotuba mbili nyepesi. Mwisho ni magharibi ya tarehe 13 Dhul Hijja. Wengine wanaishia tarehe 12. Aliyechinja kabla ya swala ana kisa cha Abu Burda, aliyeambiwa kondoo wake ni kondoo wa nyama tu. Hilo ndilo la kuogopa zaidi kuliko karatasi.

#8 Nubi_Bombo
Hadithi ya Hudaybiyya tunaijua. Wamaliki wanasema ile ilikuwa hadyi (mnyama wa Hija au umra) ya watu waliozuiwa kufika Makka, haikuwa udhhiya. Sitaki ugomvi, nimesema tu kwamba madhehebu ipo na ina wenyewe.

#9 Boda_Katwe
Mzee Nubi akishataja babu yake ujue mjadala hauishi leo 😄

Nina langu. Kundi letu la saba, mmoja alitaka nyama ya kwanjula ya dada yake, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani. Alisema wazi: mimi sina habari ya udhhiya, nataka kilo zangu. Mwingine alinuia akika ya mtoto, yaani mnyama wa kuzaliwa kwake. Waliobaki watano ndio wa udhhiya. Imekaaje hiyo?

#10 AbuRayyan_Mbale
Kwa Shafii imekaa sawa. Imam Nawawi ameeleza kwamba saba wanaweza kushirikiana hata kama baadhi yao wanataka ibada na baadhi nyama tu, kila subui inajitegemea. Na wa akika anaingia. Lakini kwa Abu Hanifa, huyo mmoja wa kwanjula amewaharibia wote. Hapo jichagulieni wenza kwa uangalifu. Mimi binafsi siwezi kuungana na mtu wa kwanjula hata kama inafaa, moyo hautatulia.

#11 MamaHafswa_Jinja
Nyote mnasema "wanaume saba", "wanaume saba". Mwanamke je? Mume wangu alikuwa safarini, mbuzi tumeshamnunua, nikamchinja mwenyewe uani. Bismillahi, takbira, "Allahumma taqabbal minni wa min ahli bayti". Mtaa mzima ukanisema, eti nyama ya mkono wa mwanamke hailiki. Jirani mmoja Mwislamu alirudisha sahani.

Katika Bukhari kuna kisa cha kijakazi wa Ka'b bin Malik aliyekuwa anachunga karibu na mlima Sal', akaona kondoo anakufa, akavunja jiwe akamchinja kwalo. Mtume akaulizwa, akaamrisha aliwe. Na Abu Musa aliwaamuru binti zake wachinje kwa mikono yao. Kama ni wa kuaibika, si mimi.

#12 Ustadhi_Tororo
Hajati umesema kweli tupu. Aliyerudisha sahani arudi madrasa.

#13 Mfugaji_Nakasongola
Mnazungumza dua wakati mnyama mwenyewe hajafaa! Niwape ya shambani.

Umri kwanza. Mbuzi kwa Shafii ni aliyetimiza miaka 2, ng'ombe vilevile miaka 2, ngamia miaka 5, kondoo mwaka 1 au aliyeng'oa meno ya mbele kabla ya hapo. Fungua mdomo, angalia meno ya chini. Mbuzi mwenye jozi moja tu ya meno makubwa mara nyingi ndiyo kwanza amepita mwaka. Jozi mbili, huyo yuko kwenye miaka 2 hivi. Hawa vibeberu wanaoletwa Kampala wiki ya Iddi, wamenona kwa sababu wamenyweshwa maji mengi asubuhi, wengi wana meno ya maziwa yote.

Pili kasoro. Hadithi ya Bara' bin Azib imetaja wanne wasiofaa: chongo aliye wazi, mgonjwa aliye wazi, kilema aliye wazi, na aliyekonda mpaka hana uboho. Mpandishe kilima kidogo umtazame anavyotembea, usimtazame akiwa amefungwa kwenye pikipiki.

Tatu masikio. Huku kwetu wafugaji wengi hukata alama kwenye sikio. Kwa Shafii sikio likikatwa kipande kikatoka, mnyama hafai. Likitobolewa au likipasuliwa bila kupungua, hakuna neno. Kwa hiyo wale wenye vibandiko vya plastiki msiwaogope. Pembe kuvunjika hakuharibu kama nyama haikuathirika. Maksai anafaa, tena ana nyama nzuri.

Na karantini. Ukanda wetu wa ng'ombe ugonjwa wa miguu na midomo ukilipuka, wilaya inafungwa, hakuna mnyama kutoka. Mnaponunua kwa mtu anayekwambia "njoo usiku", hana kibali cha daktari wa mifugo, mnaweza kuwa mmenunua mgonjwa aliye wazi mkamvusha gizani.

#14 AbuRayyan_Mbale
Mfugaji, makala nzima hiyo, shukrani. Nyongeza moja tu: mbuzi wa mwaka 1 anafaa kwa Hanafi na Hanbali. Asiyepata wa miaka 2 asikate tamaa.

#15 Binti_Arua
Naomba kuuliza, nywele na kucha? Pia mama yangu hutuambia mnyama huyu ndiye tutakayempanda kuvuka daraja la Sirati Siku ya Kiyama, kwa hiyo tuchague mkubwa. Na kwamba kila unywele wake ni thawabu.

#16 AbuRayyan_Mbale
Dada, hadithi ya Ummu Salama iko Muslim: ukiingia mwezi wa Dhul Hijja na mtu anataka kuchinja, asiguse nywele wala kucha zake mpaka achinje. Kwa Hanbali kukata ni haramu, kwa Shafii ni makuruhu, yaani haipendezi tu. Udhhiya haiharibiki.

La kupanda kwenye Sirati halina asili inayotegemewa. La kila unywele limepokewa kwa Ibn Majah lakini mlolongo wake ni dhaifu sana. Mama asikemewe, aelezwe taratibu. Kuchagua aliyenona kunatosha kuwa na fadhila yake, Qur'ani yenyewe imesema katika Suratul Hajj aya 37 kwamba nyama na damu havimfikii Allah, kinachomfikia ni ucha Mungu wenu.

#17 Mkaazi_Bwaise
Wakubwa, nimekwenda kumsomea mzee majibu yenu. Amesikiliza yote. Halafu akanieleza kitu ambacho hakuwa amekisema mbele ya kundi. Subui yake hakuinuia kwa nafsi yake. Ni ya marehemu baba yake, aliyefariki bila kuwahi kuchinja maishani kwa umaskini. Alitaka kusikia jina la baba yake likitajwa pale.

Sasa hapo sheria inasemaje?

#18 MamaHafswa_Jinja
Subhanallah. Mwacheni mzee wa watu.

#19 Ustadhi_Tororo
Hapo mambo yamebadilika. Allah amrehemu marehemu. Katika Shafii kauli inayotegemewa ni kwamba maiti hachinjiwi udhhiya ila akiwa ameusia. Kama hakuusia, subui ile haikuwa udhhiya ya baba yake, ijapokuwa majina yangesomwa mara kumi. Bado ni sadaka na dua yake inafika.

#20 AbuRayyan_Mbale
Na Hanafi na Hanbali wameruhusu. Tena hadithi niliyoitaja #3, "na umma wa Muhammad", ndani ya umma huo walikuwamo waliokwisha kufa. Kwa nini tumfungie mzee mlango?

#21 Ustadhi_Tororo
Kwa sababu pale Mtume alishirikisha katika thawabu, mwenye udhhiya alikuwa yeye. Ndiyo maana ningemshauri mzee hivi: mwaka huu anuie kwa nafsi yake, awashirikishe thawabu wazazi wake, na amtaje baba yake kwa sauti katika dua. Abu Ayyub al-Ansari amesema zama za Mtume mtu alikuwa akichinja mbuzi mmoja kwa ajili yake na watu wa nyumbani kwake. Akitaka mbuzi peke yake, anunue.

#22 Nubi_Bombo
Hilo la kushirikisha katika thawabu ndilo nililolisema #6 mkanipita.

#23 FundiBucha_Kisenyi
Mzee huyo aje Kisenyi kwangu, nitamsomea jina la baba yake mpaka la babu. Akitaka, kisu nitamwachia mwenyewe, mkono wangu juu ya wake. Kuchinja kwa mkono wako ndiyo sunna ya juu kwa mwanamume; asiyeweza basi ahudhurie.

Mtume aliwachinja kondoo wawili wenye pembe, weupe wenye weusi, kwa mkono wake, akaweka mguu ubavuni mwao. Anas ndiye msimulizi, iko Bukhari na Muslim.

#24 Wajjahtu_tu
Na hiyo Wajjahtu mbona mmeiruka? Mimi siwezi kuchinja bila hiyo. "Wajjahtu wajhiya lilladhi fatara s-samawati wal ardh..." mpaka "wa ana minal muslimin".

#25 AbuRayyan_Mbale
Ndugu, imo katika Abu Dawud kutoka kwa Jabir, baadaye inafuata "Allahumma minka wa laka". Wanazuoni wengine wameona udhaifu katika mlolongo wake, wengine wameikubali. Isome, lakini isome kabla hajalazwa, kama alivyosema FundiBucha.

#26 Jirani_Namugongo
Samahani kuingilia. Mimi ni Mkatoliki. Jirani yangu Mwislamu huniletea nyama mbichi kila Iddi, na Krismasi mimi humwita yeye achinje mbuzi wangu ili naye ale. Mwaka huu kijana wake amesema nyama ya udhhiya haipewi asiye Mwislamu. Nilijisikia vibaya, sikumwambia mzee. Ndivyo ilivyo?

#27 Ustadhi_Tororo
Karibu jirani. Limo katika kauli za mashekhe wetu wa baadaye wa Kishafii, kijana hakulibuni. Lakini Imam Nawawi katika kitabu chake Majmuu ameona kwamba katika udhhiya ya sunna inaruhusiwa kumpa jirani asiye Mwislamu, isipokuwa ile ya nadhiri. Hanbali pia wanaruhusu. Mimi hapa Tororo nafuata Nawawi na nagawa.

#28 Boda_Katwe
Namugongo hapo kwenu kuna historia yake ya nyama. Mwaka 1876 Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, aliwaua vijana Waislamu, kama 70 hivi, na mojawapo ya makosa yao ni kukataa nyama ya mchinjaji wa ikulu asiyetahiriwa. Watu wanakumbuka mashahidi Wakristo wa 3 Juni tu.

#29 Jirani_Namugongo
Napafahamu, upo msikiti wa ukumbusho wao. Asante kwa majibu.

#30 Binti_Arua
Sisi nyumbani hupika yote pilau tukaita maskini wa mtaa wale washibe. Si bora kuliko kugawa vipande vibichi?

#31 Ustadhi_Tororo
Kwa Shafii lazima maskini apewe walau kipande, tena kibichi, akifanye apendavyo. Toeni hicho kwanza, zilizobaki pikeni pilau mkaribishe. Theluthi tatu, ya nyumbani, ya zawadi na ya sadaka, ni mapendekezo. Kuweka akiba kulikatazwa kwanza zaidi ya siku tatu kwa ajili ya wageni maskini waliofika Madina, kisha Mtume akaruhusu: kuleni, wekeni na toeni sadaka.

#32 Mfugaji_Nakasongola
Na mgawane kwa mizani, watu saba. Nimeona udugu wa miaka mingi ukivunjika kwa sababu ya paja moja.

#33 FundiBucha_Kisenyi
Naomba hili liwafikie wote: msinilipe kwa kichwa, miguu wala ngozi. Sayyidna Ali aliamrishwa asimpe mchinjaji chochote katika mnyama kuwa ujira, "sisi tutampa kutoka kwetu". Nipeni pesa yangu. Baada ya hapo mkinizawadia nyama kama jirani, napokea kwa mikono miwili.

#34 Mkaazi_Bwaise
Ngozi yetu tulimpa imamu, akaiuza, pesa ikanunua mikeka. Hiyo nayo?

#35 AbuRayyan_Mbale
Mwenye udhhiya haruhusiwi kuiuza. Maskini aliyepewa anaweza. Msikiti si maskini, kwa hiyo mimi nina shaka.

#36 Ustadhi_Tororo
Imamu wa mtaani Bwaise mara nyingi ndiye maskini mwenyewe. Kama alipewa yeye, ikawa mali yake, akaiuza na kununua mikeka kwa hiari yake, shaka iko wapi?

#37 AbuRayyan_Mbale
Ilikuwa yake au ilikuwa ya msikiti? Mkaazi, mlimwambiaje siku mliyompa?